Masikio ya Tapsubei

Mvua ya mwaka ule wa tisini na saba haikuwa ya kusifiwa na mtu. Ilianza Oktoba, watu wakashukuru. Ikaingia Novemba, wakanyamaza. Kufikia Desemba hata wale waliokuwa wakiiomba kanisani walikuwa wameanza kuona aibu. Malori ya chai yalizama barabarani mpaka kwenye mabodi, na majani yaliyochumwa kwa jasho yakaozea kwenye vituo vya kununulia. Redio ilisema jina la mvua hiyo ni El Nino. Obure, mpiga picha wa Kaplong, hakuwa na haja na jina. Alijua tu kwamba paa la studio yake lilivuja mahali pane, na kwamba alikuwa amechoka.

Alichoka na mvua, alichoka na goti la kushoto, alichoka na macho yaliyokuwa yameanza kuona kila kitu kama kimefunikwa na moshi wa jikoni. Alichoka na vijana waliozunguka sokoni na vikamera vya kujifikiria vyenyewe, wakarudi kutoka Kericho jioni hiyo hiyo na picha za rangi ambamo bibi harusi ana macho mekundu. Zaidi ya yote alichoka na pazia lake la ndege. Alilichora kwa mkono wake mwaka wa sitini na tisa: ndege ya abiria imetua, ngazi imeshushwa, mawingu mawili. Kwa miaka ishirini na minane watu walikuwa wakisimama mbele ya ndege ile na mkoba wa kuazima, wamekaza uso kama wanaokwenda ng'ambo, kisha wanatoka mlangoni na kurudi kukamua ng'ombe.

Na mlangoni pale pale ndipo vilipoanzia vilima vya chai. Obure alivipiga picha kila msimu kwa filamu aliyoinunua mwenyewe. Alijua kijani cha Aprili, mvua ikianza, na kijani kizito cha Julai kunapokuwa na baridi. Alijua jinsi shamba linavyokaa baada ya mvua ya mawe, na jinsi linavyobaki vijiti vitupu likishapogolewa, likaonekana limekufa kumbe limepumzishwa tu. Hakuwahi kuuza hata picha moja ya hizo. "Chai ya nini, mzee?" watu walimwambia. "Si hiyo ndiyo nachuma Jumatatu mpaka Jumamosi? Wewe niwekee ndege."

Jumatano moja asubuhi kazi ilikuja, tena kazi ya maana. Mwalimu Gibson, mkuu wa shule mstaafu na mzee wa kanisa, aliingia akikung'uta mwavuli, na chini ya koti alikuwa amekumbatia picha iliyotiwa fremu. Mama yake, Tapsubei, alikuwa amefariki Jumapili. Mwili ulikuwa mochari, mazishi Jumamosi. Alitaka picha ile ikuzwe, ifike ukubwa wa sinia, iwekwe juu ya jeneza watu waione.

Obure aliitambua kabla haijafika mezani. Ilikuwa kazi yake ya mwaka wa sabini na moja: mama wa makamo ameketi mbele ya shuka jeupe, uso umetulia, shingo imenyooka, na masikio madogo, safi, kama ya msichana wa shule.

"Hiyo ilikuwa kazi safi, mzee," alisema Gibson.

"Ilikuwa," alijibu Obure, na akaandika kwenye kitabu: Ijumaa.

Hata saa moja haikuisha, akaingia Chepngeno. Huyu ni dada yake Gibson, amemfuata kwa mwaka mmoja na nusu, mwanamke wa hamsini hivi, na chai yake anaichuma mwenyewe. Alikuwa amevaa gambuti zenye matope mpaka magotini, na aliketi kwenye kiti cha wateja bila kungoja kukaribishwa, kama wanavyoketi watu ambao hawajalala siku tatu.

"Chamgei, mzee."

"Chamgei mising. Pole sana kwa msiba, mama."

"Asante. Gibson amekuja hapa?"

"Ametoka sasa hivi."

"Na ile picha ya ukuta?"

"Ndiyo."

"Usikuze hiyo," alisema Chepngeno. "Huyo si mama yangu."

Obure hakumuuliza anamaanisha nini, maana alijua. Tapsubei alikuwa na masikio ya Kikipsigis ya zamani, yaliyotobolewa tangu usichana na kuvutwa taratibu mwaka hadi mwaka, mpaka ndewe zikaning'inia mabegani. Wakati ule kila mama wa rika lake alikuwa nayo. Kisha likaja kanisa, ikaja shule, na watoto waliosoma wakaanza kuyaonea haya. Wengine waliwapeleka mama zao hospitali yakatwe na kushonwa. Tapsubei alikataa kushonwa. Basi Gibson, mwalimu kijana aliyekuwa akijiandaa kuoa binti wa mchungaji, alifanya lililokuwa rahisi. Alipokuja kuchukua picha ya mama yake aliitazama, akairudisha mezani, akamwambia Obure, "Toa hayo masikio."

Na Obure aliyatoa. Alikuwa na miaka thelathini na moja, mkono haujatetemeka, na brashi yenye nywele tatu. Alikaa na ile negativu siku mbili. Picha ilipotoka, watu walikuja kuitazama kama wanavyokuja kutazama ndama wa ng'ombe wa gredi wa kizungu. Kisha wakaanza kuleta za mama zao: fanya kama ya mama Gibson. Aliona fahari. Hilo hawezi kulikana leo, aliona fahari kubwa.

"Mama alikuwa na masikio," Chepngeno alikuwa akisema. "Ilikuwa inafika hapa." Akagusa bega. "Sasa Jumamosi watu watasimama pale waage mwanamke gani? Wajukuu wangu wataambiwa huyo ni gogo, nyanya yao, na si yeye."

"Yeye mwenyewe aliionaje, hiyo picha?" aliuliza Obure. Kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kumuuliza mtu swali hilo.

"Mgeni akiuliza, hiyo ni picha ya nani, mama alikuwa anasema, 'Huyo ni mama ya Gibson. Mimi sijawahi kupigwa picha.'"

"Alikuwa akisema kwa kucheka?"

"Mwanzoni," alisema Chepngeno.

Tangu picha ile Tapsubei hakukubali kamera tena. Harusi zilipita, ubatizo ukapita, yeye akikiona kile chombo anaingia jikoni. Picha nyingine pekee ilikuwa ya kitambulisho, na hapo alikuwa amefungwa kitambaa kichwani mpaka kwenye nyusi.

"Si wewe uko na ile negativu?" aliuliza Chepngeno. "Nimesikia hutupi kitu."

"Niko nayo. Lakini nilifutia kwenye negativu yenyewe." Obure alijaribu njia ya mkato. "Naweza kumchorea masikio juu ya picha, mama. Unielezee tu yalivyokuwa. Kwa penseli nzuri hakuna atakayejua."

Chepngeno alimtazama. Hakuwa na hasira, na hilo lilimuumiza Obure kuliko kama angemtukana.

"Wewe umeshamchora mara moja, mzee. Inatosha."

Basi Obure akaenda kutafuta. Negativu zake zilikaa katika mikebe ya biskuti chumba cha nyuma, kila mkebe na mwaka wake. Na hapo ndipo ubaya wa jambo hili ulipokuwa, kwa sababu mikebe hiyo isingekuwepo kama si Gibson. Mwaka wa tisini na mbili, wakati wa vita vya kikabila, watu wa kwao Obure, Wagusii, walipokuwa wakifungasha vitanda na kuku na kukimbilia ng'ambo ya mpaka wa wilaya, Gibson alikuja mwenyewe asubuhi kweupe na mkokoteni, akabeba kamera na mikebe yote, akaifungia stoo ya shule miezi minne. Hakudai shukrani. Obure aliporudi alikuta hata kutu haijaongezeka. Mtu kama huyo unamgeukia vipi?

Mkebe wa sabini na moja ulikuwa chini ya moja ya zile sehemu nne zilizovuja. Maji yalikuwa yameingia. Bahasha zilishikana, na alizibandua moja moja kwa ncha ya kisu: Mama Robert. Mama Johana. Mama wa Mwalimu wa Kedowa. Kila alipoinua negativu dirishani aliona vidoa viwili vyekundu chini ya masikio. Aliwahesabu kina mama kumi na mmoja katika mkebe huo mmoja, na hakuna hata mmoja ambaye bahasha ilitaja jina lake. Alikalia ndoo iliyopinduliwa, akaona haya peke yake, haya ya mtu mzima, ile isiyo na pa kwenda.

Bahasha ya mama Gibson ilikuwa ya mwisho. Negativu yenyewe ilikuwa ya zile filamu pana za zamani, na kingo zake zilikuwa zimeliwa na kuvu. Aliichunguza kwa lenzi ya kukuzia, kisha akarudi mbele kumweleza Chepngeno bila kupamba.

"Angalia hapa. Hii nyekundu ni rangi. Nilipaka juu ya ndewe ili mwanga usipite, ndiyo pale pakatoka peupe kama shuka. Rangi hii inaoshwa na maji. Kwa hivyo masikio yako chini, hayajaenda mahali."

Chepngeno alishika ukingo wa meza.

"Ngoja, sijamaliza. Filamu iko na pande mbili. Upande mmoja ni laini, na mwingine ndio uko na utando unaobeba picha. Fundi mwenye akili anapaka upande laini. Mimi nilipaka upande wa picha, kwa sababu rangi ilishika haraka na Gibson alikuwa na haraka. Sasa huu utando umeliwa na kuvu. Nikiulowesha unaweza kutoka wote, masikio na uso pamoja. Hapo mama yako atabaki tu vile alivyo kwa ukuta ya Gibson."

"Na usipoosha?"

"Atabaki vile vile."

Mvua ilipiga bati. Chepngeno alitoa kitambaa, akajifuta uso ambao haukuwa na maji.

"Wewe unaonaje, mzee?"

"Mimi naona nimechoka," alisema Obure, na ndiyo iliyokuwa kweli yake yote.

"Hata mimi," alisema Chepngeno. "Osha."

Obure alikinga maji ya mvua kwenye beseni ya enameli, maana yalikuwa baridi kuliko ya bomba na hayakuwa na dawa. Alichovya negativu akiwa ameishika kwa kucha mbili. Dakika ya kwanza hakuna kilichotokea. Ya pili, uzi mwekundu ukajivuta kutoka upande wa kushoto, mwembamba, ukapotea majini. Akausaidia kwa pamba, bila kusugua, akiigusisha tu pamba na kuiondoa, na kila alipoiondoa ilikuwa imepata rangi kidogo. Macho yake mabaya yalitoa machozi, na hakuwa na mkono wa kuyafuta.

Kushoto kulisafika. Aliuona ule mstari mrefu wa ndewe ukishuka, mzima. Akahamia kulia, na hapo ndipo utando ulipoinuka. Ulijikunja taratibu kama ngozi ya maziwa yaliyopoa, ukaachana na filamu, ukabeba sikio na kipande cha bega, ukaelea. Obure aliita jina la Mungu kwa Kigusii na kuichomoa negativu kwenye maji. Uso ulikuwa bado upo. Aliitundika kwenye uzi, ndipo akayafuta macho.

Alipotoka mbele, Chepngeno alisimama.

"Moja limepona," Obure alimwambia. "La kushoto. La kulia limeenda. Nisamehe, mama."

Chepngeno alifunika mdomo kwa kiganja, akacheka kidogo, kisha kicheko kikawa kilio, akalia wazi wazi, mabega yakitikisika.

"Ya kulia ilikuwa yangu," alisema alipoweza. "Tulikuwa tunalala na mama, Gibson upande huu, mimi huu. Kila mtu anashika yake mpaka analala. Hiyo imebaki ni ya Gibson."

Stima ilipotea siku nzima, kama desturi yake ya mvua, ikarudi Alhamisi mchana. Obure aliingia chumba cha giza, akatia karatasi kubwa kwenye trei ya dawa, akainamia. Macho ya Tapsubei yalitangulia kutokea, kisha mdomo, kisha ndewe, ndefu, imetulia begani, na kwenye ndewe shanga zilizopangwa safu tatu na mkufu mdogo wa shaba uliosuguliwa ukang'aa. Upande wa kulia ulikuwa na doa jeusi lililomeza sikio na bega. Aliliacha. Brashi ilikuwa pale rafuni, hakuigusa. Alisimama juu ya trei ile muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji, kwa sababu kitu kilikuwa kimemrudia ambacho angependa kisirudi.

Ijumaa Gibson alimkuta dada yake ameshafika. Picha ilikuwa mezani, imekauka. Aliisogelea akiwa tayari kusema asante, akasimama.

"Nilikuletea picha, mzee Obure," alisema kwa sauti ya chini. "Nikakuambia ikuze."

"Ndiyo, mwalimu."

"Hii ndiyo itasimamishwa mbele ya mchungaji? Na kanisa yote?"

"Itasimama mbele ya watu wa mama," alisema Chepngeno.

"Wewe ngoja kwanza." Gibson alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alionekana mzee ghafla. "Nyinyi wawili mnadhani nilimchukia. Mimi nilikuwa namtoa kwa aibu. Watoto wa shule walikuwa wanamcheka njiani, nasikia, na mimi ndiye mwalimu wao. Baba mkwe alikuwa anakuja nyumbani. Sikufanya vibaya."

"Mimi ndiye nilifanya," alisema Obure. "Wewe ulisema tu, mkono ni wangu. Na kuna jambo sijawahi kukuambia, kwa sababu nilikuwa nimelisahau. Jana nimelikumbuka."

Gibson alingoja.

"Wewe ulikuja kuichukua picha. Kupigwa, mama yako alikuja peke yake, siku ya soko. Alikuwa na kijifuko cha kitambaa. Akakifungua hapo ulipo, akatoa shanga, akazivaa moja moja mbele ya kioo changu. Wateja wakajaa, wakanung'unika, hakuwajali. Nikataka kumweka mbele ya ndege, akakataa, akaonyesha shuka jeupe. Akaketi. Mimi niko tayari kubonyeza, akainua mkono nisubiri. Akaniuliza, 'Masikio onekana?'"

"Mama hakujua Kiswahili," alisema Gibson.

"Hilo alikuwa amejifunza."

Chepngeno aliangalia sakafu. Nje kulikuwa na trekta iliyokwama ikinguruma bila kwenda popote. Gibson aliketi kwenye kiti cha wateja, akavuta picha mpaka magotini, akaishika kwa mikono miwili.

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Nikamwambia yanaonekana," alisema Obure. "Nikamwambia, yanaonekana vizuri, mama."

Kidole cha Gibson kilishuka juu ya karatasi, polepole, kikifuata ile ndewe toka juu mpaka begani, kikabaki hapo. Obure, ambaye maisha yake yote alilipwa kutazama nyuso za watu, aligeuka akatazama ukuta.

Mwalimu aliinuka, akairudisha picha mezani.

"Funga na nailoni, mzee," alisema. "Mvua itamharibu."

Obure aliifunga mara mbili. Wakatoka wote wawili, Gibson ameibeba chini ya koti, Chepngeno amemshikia mwavuli, wakishuka taratibu kando ya chai kwa sababu njia ilikuwa ikiteleza.